Paa la Semvua

Mhama watu huhamishwa na watu.

Mke wangu aliisema methali hiyo asubuhi ile mjukuu wetu Elinami alipokuwa akihama nyumbani kwenda kupanga chumba mjini. Aliisema akiwa na beseni la vyombo kichwani, wala hakugeuka kutazama imemwangukia nani. Elinami alikuwa ametangulia na simu mkononi. Nyuma yake binamu zake walikuwa wamebeba kitanda chake huku jasho likiwatiririka, kwa maana njia ya kutoka kwetu mlimani hadi barabarani haipiti gari, na kitanda chenyewe ni cha mninga.

"Bibi alikuwa na maana gani?" akauliza Namsifu, aliyeshika mguu mmoja wa nyuma.

"Bibi anapenda mafumbo," Elinami akajibu bila kugeuka. "Mimi nataka tu kukaa mahali ambapo siulizwi nimetoka wapi, naenda wapi, nimekula nini. Ni kosa hilo?"

"Si kosa hata kidogo," nikasema. "Hebu tueni kitanda hapo kwenye kona niwaeleze methali hiyo ilikotoka."

"Babu, gari linangoja barabarani."

"Dereva ni mtoto wa dada yangu. Litangoja."

Wakakitua. Nikakaa juu ya kitanda kwa ajili ya magoti yangu, wao wakakaa majanini. Na methali hiyo, niliwaambia, ilianza hivi.

Zamani, kabla milima yetu hii ya Upare haijajua bati, palikuwa na kijiji kinaitwa Kwamsaro. Kijiji hicho kilikuwa na baragumu, pembe ndefu ya tandala, na mpulizaji wake alikuwa Mzee Kajiru, mtu mwenye mapafu kama mivukuto ya mhunzi. Kajiru akipuliza, kuku wa kijiji cha ng'ambo walikuwa wakitaga bila kupenda.

"Babu!" akasema Namsifu.

"Nawaambia kama nilivyoambiwa. Ulikuwepo?"

Nikaendelea.

Baragumu likilia, kila mtu aliacha alichokishika akaenda kwenye msaragambo, yaani kazi ya wote. Mfereji wa maji umebomoka, msaragambo. Njia imeporomoka, msaragambo. Fulani anajenga, msaragambo. Hapo hapana ubaya. Ndivyo milima inavyokalika. Lakini Kajiru, kadiri alivyozeeka, alizidi kuipenda sauti yake. Akawa anapuliza mbuzi akitumbukia shimoni. Anapuliza mgeni akionekana bondeni. Bwana na bibi wakinuniana, anapuliza ili watu waje kuwapatanisha, na wakifika wanakuta wenyewe walishapatana zamani, sasa wamenuna upya kwa kuona umati mlangoni. Siku moja alipuliza kijiji kizima kikakimbia na majembe, wazee wakiwa na marungu, kumbe anataka kujua nani kaona kikopo chake cha ugoro.

Katika kijiji hicho aliishi mtu aitwaye Semvua. Hakuwa mvivu, hilo liandikeni. Kwenye mfereji alikuwa wa kwanza kuingia matopeni. Alikuwa amebaki peke yake katika nyumba ya msonge aliyojengewa marehemu mama yake, na paa la nyumba ile lilikuwa limeezekwa na baba yake kwa mkono wake mwenyewe, nyasi zimelala kama nywele zilizochanwa. Mvua inyeshe miezi, ndani tone halipiti.

Semvua alipiga zeze. Alikuwa na wimbo mmoja aliouanzisha baada ya kumzika mama yake. Wimbo huo ulianza chini, taratibu, ukapanda kama mtu anayepanda mlima na kuni mgongoni, ukafika juu. Sasa unataka kuteremka kurudi nyumbani, hapo hapo: puuuu! Baragumu. Semvua anatundika zeze, anachukua jembe, anakwenda. Akirudi, wimbo umekwisha poa. Kesho anauanza tena kutoka chini, unapanda, unafika juu: puuuu! Mbuzi wa fulani.

Miaka ikapita, Semvua hajawahi kuusikia mwisho wa wimbo wake mwenyewe. Alijua upo. Aliusikia kama mtu anavyosikia maji nyuma ya mwamba. Lakini mkono haujapata kuufikia.

Basi siku moja akasimama mbele ya wenzake kwenye mfereji akasema: "Jamani, nawapenda wote. Ila nahamia kule Ngwasi."

Ngwasi kilikuwa kilima kilicho juu kabisa ya kijiji, nyuma ya kichaka cha mikuyu, mahali ambapo baragumu halisikiki. Watu wakacheka. Walipoona yeye hacheki, wakanyamaza.

Shangazi yake, Nanzia, aliyekuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, akaweka mikono kiunoni. "Huko Ngwasi nani atakuzika?"

"Shangazi, sijafa."

"Ndiyo maana nauliza mapema."

"Nataka mahali pa kumaliza wimbo wangu, shangazi. Basi."

"Wimbo! Watu wanahama kwa njaa, wanahama kwa vita. Wewe unahama kwa wimbo?"

Hata hivyo hakuna aliyemzuia. Kwamsaro mtu hakufungwa kamba. Walinuna tu, na kununa kwa kijiji kizima ni baridi kuliko umande wa Julai.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kosa. Kwamsaro nyumba ilipimwa kwa watu. Mtu akitaka kuhamisha paa lake, ndugu na majirani waliizunguka nyumba ya zamani wameshikana mikono, mpaka duara likafunga. Halafu watu wale wale, bila kumbadilisha hata mmoja, walikwenda kwenye kiwanja kipya wakashikana tena vilevile, na pale visigino vyao vilipokanyaga ndipo mashimo ya nguzo yalipochimbwa. Paa likija, linakaa kama kifuniko juu ya chungu chake.

Lakini Semvua ataombaje watu wamshikie mikono ilhali ndio anaowakimbia? Aliona haya. Akachukua kamba ya ngozi mbichi, akaizungushia nyumba yake siku ya mvua, akaikata ilipokutana. Akaitundika juu ya meko isije ikaliwa na mbwa. Kiangazi kilipoingia, akapanda nayo Ngwasi, akachora duara, akachimba, akasimamisha nguzo, akafunga fito, akakandika udongo, yote peke yake. Kila jioni alirudi ana matope mpaka kwenye kope, na akipita mbele ya watu alitembea kifua mbele.

"Mnajua ngozi mbichi ikikaa juu ya moto inakuwaje?" niliwauliza wajukuu.

"Inajikunja," akasema Elinami. Alikuwa ameweka simu mfukoni.

"Inajikunja. Semvua hakukumbuka. Alikuwa akikumbuka wimbo."

Kuta zikakauka. Likabaki paa. Kiangazi kile kilikuwa kikali, nyasi za kuezekea zilikuwa zimeungua mlima mzima, na kwa vyovyote Semvua hakutaka paa jingine ila lile la baba yake. Akajaribu kulihamisha kwa akili zake. Alilifunga kamba akamfunga na ng'ombe dume. Dume akageuza shingo, akalitazama paa, akamtazama Semvua, akalala chini. Akajaribu kulinyanyua kwa mti kama mtu anavyong'oa jiwe. Mti ukavunjika ukamtupa kwenye migomba ya jirani. Na mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika.

Hapo ndipo alipokwenda kwa Mzee Kajiru. Alimkuta nje ya nyumba yake akilipaka baragumu mafuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado hujahama?"

"Nimebakiza paa."

"Paa." Kajiru akaendelea kupaka mafuta. "Enhe?"

Semvua akatazama vidole vyake vya miguu. "Nimekuja kukuomba... unipulizie."

Kajiru akasimamisha mkono. "Sikusikia. Masikio yangu yameharibiwa na hili baragumu."

"Unipulizie baragumu, mzee! Watu waje wanisaidie paa!"

"Nipulize niwaambie nini? Kwamba Semvua anatukimbia, njooni mumsaidie mbio?"

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akalia machozi. Alipojifuta, akamtazama yule mtu aliyesimama mbele yake, mkubwa, mwenye kovu la mti usoni na haya mpaka shingoni, akakumbuka alivyokuwa akimbeba mgongoni kumpeleka mferejini kuoga alipokuwa mdogo. Akasimama, akavuta pumzi, akapuliza.

Walikuja wote. Walikuja wamenuna, lakini walikuja. Shangazi Nanzia alitangulia na kata ya kichwani.

"Shangazi, nilidhani umenikasirikia."

"Nimekukasirikia sana. Lakini ukinyeshewa huko juu lawama itanirudia mimi. Sogea nipite, unaziba njia."

Wakaingia ndani ya nyumba na kuizunguka, wakakata kamba zilizoshika paa, wakatia mabega chini ya ukingo, Kajiru akaita, wakaitikia, na paa likaondoka kwenye kuta zake kama kofia inayovuliwa kwa heshima. Waliotazama kutoka kijiji cha ng'ambo walisema waliona uyoga mkubwa unapanda mlima kwa miguu yake mwenyewe, unaimba. Na kuku wa Semvua aliyekuwa ameatamia ndani ya nyasi hakushuka. Wanasema alifika juu ana vifaranga.

"Babu, hilo la kuku sasa..."

"Njia ilikuwa ndefu, Namsifu."

Paa, kwa desturi yao, likishanyanyuliwa halikutuliwa chini mpaka lifike. Na si desturi tu. Ukingo wake ukigusa ardhi huvunjika, na ukivunjika paa zima husambaratika. Kwa hiyo walipanda bila kutua, wazee na vijana, wameinamisha shingo, hawaoni kitu ila visigino vya walio mbele. Semvua alitangulia akiwaongoza: "Jiwe kushoto! Shimo! Inameni, tawi!" Siku hiyo alisema maneno mengi kuliko mwaka mzima.

Wakafika Ngwasi. Kuta zilikuwa zinang'aa kwa udongo mwekundu uliosuguliwa, na kwa kweli zilikuwa nzuri. Wakalizungusha paa juu yake, wakaanza kulishusha taratibu. Likashuka. Likapita vichwa vya nguzo. Likaendelea kushuka, kama kofia ya babu kichwani mwa mjukuu, linafunika macho, linafunika masikio, linataka kumeza nyumba nzima.

"Simamisheni!" akapiga kelele Kajiru.

Wakasimama, ukingo wa paa mabegani, nyumba yote ya Semvua imo ndani ya duara lao na bado inabaki nafasi ya kupita mbuzi.

Kisha shangazi Nanzia, akiwa chini ya nyasi, akauliza kwa sauti ya upole sana: "Semvua, mwanangu. Nyumba hii ulipima na nani?"

"Nilipima kwa kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya ngozi."

"Uliiweka wapi?"

Semvua alikuwa ameshaelewa. Akakaa chini akashika kichwa. Mbele yake kulikuwa na paa la baba yake likining'inia mabegani mwa watu. Kulitua, linavunjika. Kurudi nalo, watu wamechoka, na njia ya kuteremka na mzigo ni mbaya kuliko ya kupanda. Na wingu limeshafika juu ya mikuyu.

"Liacheni," akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Litueni mwende zenu. Nimewasumbua vya kutosha."

"Kamwambie hivyo ng'ombe dume wako," akajibu Kajiru. "Sisi hatutui."

"Sasa mtafanya nini?"

"Tutasimama. Wewe huoni tulivyosimama? Tazama visigino."

Semvua akainua macho akatazama. Watu walikuwa wameizunguka nyumba, bega kwa bega, duara limefunga. Wote walikuwa pale pale ambapo wangesimama siku ya kupima, kama angewaita.

Akina mama na vijana waliokuwa wamefuata nyuma na vyungu vya uji wakatumwa kichakani kukata nguzo. Shimo moja likachimbwa hapa kati ya mtu na mtu, jingine pale, nje ya zile kuta ndogo. Kazi yenyewe haikuwa ya haraka, na kwa muda huo wote nyumba ya Semvua haikuwa na kuta nyingine ila watu.

Na kuta hizo, jamani, zilikuwa na maneno!

"Ukuta huu unawashwa pua, nani ataukuna?"

"Ukuta wa kwangu una njaa. Leteni uji."

"Aliye nyuma yangu ananipumulia. Semvua, nyumba gani hii ina upepo wa vitunguu?"

Semvua akachukua jembe kwenda kusaidia kuchimba. Shangazi Nanzia akamzuia kwa sauti.

"Weka jembe chini! Mabega yanakufa ganzi huku. Leta hilo zeze lako."

"Shangazi, kuna kazi..."

"Hiyo ndiyo kazi yako. Tumepanda mlima kwa ajili ya wimbo. Basi tuusikie, tujue kama ulistahili."

Semvua akaleta zeze. Akakaa katikati, kwenye sakafu ya ile nyumba ndogo, paa la baba yake juu ya kichwa chake, na miguu ya kijiji kizima ikionekana mlangoni. Akaanza chini, taratibu. Kuta zikaacha kutaniana. Wimbo ukapanda kama mtu mwenye kuni mgongoni. Ukapanda, ukafika juu, pale pale unapotaka kugeuka kurudi nyumbani. Na hapo mkono wa Semvua ukasita wenyewe, kwa mazoea, ukingoja: puuuu!

Haukusikika mlio. Semvua akachungulia mlangoni. Mzee Kajiru alikuwa pale, mikono yote miwili imeshika ukingo wa paa, baragumu linaning'inia kifuani, hana jinsi ya kulifikia.

"Mbona unanitazama?" akasema Kajiru. "Piga, nami nimekuwa ukuta."

Semvua akapiga. Wimbo ukageuka, ukateremka, ukapita mahali ambapo hakuwahi kupita, ukafika mlangoni kwa mama yake, ukaingia, ukakaa. Ukaisha.

Nguzo zilikuwa zimeanza kushika uzito, na mtu ambaye bega lake limeachiwa angeweza kuondoka akanyooshe mgongo. Hakuondoka mtu. Shangazi Nanzia akavuta kamasi, akasema kwa nguvu ili asionekane analia: "Kumbe! Mhama watu huhamishwa na watu!"

Kuta zote zikacheka kwa pamoja, paa likatikisika, na vifaranga, naam, Namsifu, vifaranga vikadondoka.

"Kwa hiyo Semvua alirudi kijijini?" akauliza Elinami.

"Arudi kufanya nini? Alikuwa amehama."

Alikaa Ngwasi mpaka uzeeni, katika nyumba yenye kuta mbili, kubwa na ndogo, kavu kuliko nyumba zote za mlima ule. Wimbo ule aliumaliza kila alipotaka, akatunga na mingine. Lakini jioni ile watu walipokuwa wakijiandaa kuteremka, alimfuata Mzee Kajiru akamwambia: "Mzee, baragumu lako huku halisikiki."

"Najua. Ndiyo maana ulikuja."

"Ukilipuliza kwa ajili ya ugoro, puliza kama siku zote. Lakini jambo likiwa zito kweli, geuza mdomo wake uelekee huku. Lina nguvu, nitalisikia."

Kajiru akalitazama baragumu lake muda mrefu. Tangu siku hiyo, kila alipotaka kupuliza ilimbidi ajiulize kwanza: hili ni la kugeuzia Ngwasi, au si la kugeuzia? Na akiona si la kugeuzia, mara nyingi alilitundika tena. Watu wa Kwamsaro wakaanza kula chakula cha moto. Na mwaka ule mfereji ulipobomoka usiku wa mvua, Kajiru akaugeuza mdomo wa baragumu juu, na waliofika wa kwanza walimkuta mtu ameshaingia matopeni mpaka kiunoni.

Walimkuta anaimba.

Nilipomaliza, Elinami akainuka, akajipangusa majani.

"Babu, mjini simu inasikika," akasema.

"Inasikika. Lakini sisi hatutakupigia kuuliza umekula nini. Bibi yako nitamshikilia mimi. Tutakupigia la kugeuzia tu."

Akatabasamu, akazunguka nyuma ya kitanda, akamwondoa Namsifu, akashika mguu ule yeye mwenyewe.

"Haya basi, babu. Shuka tubebe."

"Nishuke?" nikasema, nikinyoosha magoti yangu juu ya mbao. "Toka asubuhi nilikuwa nawaza mimi nitafikaje barabarani kukuaga, na mteremko wote huu. Hebu chukueni."

Wakalalamika, wakacheka, wakanibeba. Na kutoka huko juu ya kitanda cha mninga, nikiyumba kama paa, niliwatolea tena ile methali ya bibi yao, wakaiitikia wote kwa pamoja, na Elinami ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote:

Mhama watu huhamishwa na watu.